Mume Naye Apimwe

Kimbo ni mtaa mchanga ukiulinganisha na miji yetu ya pwani. Uko kando ya barabara kuu ya Thika, baina ya Ruiru na Juja, na jina lake humkumbusha mtu kopo la mafuta ya kupikia kabla halijamkumbusha mahali. Huko hakuna magofu wala milango ya nakshi. Kuna maghorofa ya kupanga, vioski, maduka ya dawa, pikipiki zinazongoja abiria stejini, na watu waliotoka kila pembe ya nchi kutafuta riziki Nairobi, Ruiru na Thika, wakaona kodi ya pale yabebeka. Watu wa pwani nao wamo: vijana waliooa nyumbani kisha wakawachukua wake zao bara.

Tumeuanzia uchambuzi huu Kimbo kwa sababu moja. Katika mtaa kama ule, mke na mume ambao hawajajaliwa mtoto huwa peke yao na jambo lao. Hapana shangazi wa kuwasemea, wala nyanya wa kumzuia mama mkwe asipite mpaka. Kilichobaki ni simu. Hupigwa kutoka Mombasa au Malindi siku ya Ijumaa, salamu zikaulizwa, hali ya kazi ikaulizwa, kisha: "Mwanangu, bado hamna habari?" Naye mke hujibu, "Bado, mama. Tuombeeni dua." Mume ameketi pale pale, chai mkononi, na mazungumzo yote ayasikia. Yeye haulizwi neno.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo. Habari za uzazi uliochelewa zimejaa magazetini na redioni siku hizi, na mengi yasemwayo ni juu ya mashine, madaktari na fedha. Sisi twaona kwamba katika nyumba zetu za Kiislamu kikwazo cha kwanza si mashine wala si fatwa. Ni mume asiyekubali kupimwa.

Tuanze na hesabu, maana watu hudhani jambo hili ni la wachache. Mwezi Aprili 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika kila watu wazima 6 duniani, mmoja hivi hupatwa na ugumba katika maisha yake. Novemba 2025 shirika hilo hilo likatoa mwongozo wake wa kwanza wa ulimwengu mzima kuhusu namna ya kuuzuia, kuupima na kuutibu. Madaktari hawamwiti mtu mgumba kwa kuwa amekaa miezi mitatu minne bila mimba. Husema mke na mume wawe wamekaa pamoja miezi 12, wakikutana kama kawaida ya ndoa na bila ya kutumia kinga, ndipo wafike hospitali. Mwanamke aliyekwisha timiza miaka 35 asingoje mwaka. Miezi 6 yatosha, kwa sababu mayai yake hupungua na hayangojei mtu.

Na huyo mgumba ni nani? Lugha yetu yenyewe imekwisha toa hukumu. Neno tasa twalijua sote, nalo tukilitamka humwona mwanamke. Hata mgumba, neno linalofaa kwa wote wawili, mitaani hutupiwa mke. Lakini wanaopima husema vingine. Katika ndoa zilizokosa mtoto, upande wa mume una sehemu yake karibu katika nusu ya kesi, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke. Karibu nusu! Kwa hiyo anayemchunguza mke peke yake ni kama fundi aliyeitwa kutazama taa isiyowaka, akafungua balbu mara kumi na asiugeukie waya hata mara moja.

Gharama ya makosa haya si fedha tu. Mwaka 2016 Kenya nzima ilishtushwa na habari kutoka Machakos, ya mwanamke aliyekatwa mikono kwa panga ndani ya nyumba yake, na mumewe akashtakiwa. Walikuwa wameishi miaka kadhaa bila mtoto. Mwanamke yule alieleza magazetini kwamba walikwisha kwenda kwa daktari, wakaambiwa kasoro iko kwa mume na yatibika, na mume ndiye hakutaka kurudi. Twajua kwamba kwetu mambo hayafiki huko mara nyingi. Kwetu panga ni talaka, au ni mke wa pili anayeletwa bila kipimo chochote, kisha miaka miwili ikapita naye akakaa kimya kama mwenzake.

Wapo watakaosema, mbona Sharia imemruhusu mume kuoa? Imemruhusu, na hatuna la kuongeza hapo. Lakini hiyo hiyo Sharia ina habari ambayo haisomwi sana kwenye mawaidha ya harusi. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alimtuma mtu kwenda kukusanya zaka, na mtu yule akaoa mwanamke, ilhali yeye hazai. Umar alipopata habari alimwuliza kama alimjulisha mkewe. Aliposema hapana, Umar alimwamuru aende akamwambie, kisha ampe hiari yake. Msomaji atazame vizuri ni nani aliyesimamishwa kuulizwa. Tena aulizwaye ni mume, na miaka ile hapakuwa na maabara wala darubini.

Na Nabii Zakariya (A.S.), ambaye dua yake husomwa na kila nyumba inayotaka mtoto, alipomlalamikia Mola wake katika Sura ya Maryam alianza na nani? Alianza na nafsi yake, akataja mifupa iliyodhoofika na kichwa kilichojaa mvi. Hali ya mkewe aliitaja baada ya hapo. Wanaume wengi wameihifadhi dua ile, lakini utaratibu wake hawajauangalia.

Sasa yafaa tueleze kipimo chenyewe, kwa kuwa wengi hukiogopa bila kukijua. Mwanamume huambiwa ajizuie na tendo la ndoa kwa muda usiopungua siku 2 wala kuzidi 7. Manii hutiwa katika kichupa safi kilichotolewa na maabara, na yakichukuliwa nyumbani yafikishwe ndani ya saa moja hivi, yakiwekwa karibu na mwili yasipoe. Wanavyuoni walioulizwa wameruhusu yakusanywe kwa msaada wa mke halali, na pia uko mpira maalumu usio na dawa ya kuua mbegu, ambao hutumika katika tendo lenyewe la ndoa. Mtaalamu huyatazama kwa darubini, akahesabu wingi wa mbegu, mwendo wake na umbo lake. Kwa kitabu cha vipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021, mpaka wa chini ni mbegu milioni 16 katika mililita moja. Aliye chini ya hapo hajahukumiwa. Wapo wanaozaa na hesabu ndogo kuliko hiyo. Hurudiwa baada ya miezi 3 hivi, kwa sababu mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, na homa kali ya mwezi uliopita yaweza kuharibu hesabu ya leo.

Basi ndiyo hiyo tu. Hakuna kisu, hakuna dawa ya usingizi, na fedha zake ni chache mno zikilinganishwa na za vipimo vya mke. Mke, kwa upande wake, hutolewa damu kuangaliwa homoni, hupigwa altrasaundi kuangaliwa uvimbe wa kizazi na mayai, kisha huenda akapigwa picha ya eksirei ya mirija. Picha hiyo hufanywa baada ya hedhi kukatika na kabla yai halijapevuka. Dawa husukumwa kupitia mlango wa kizazi ili ionekane kama mirija imeziba, na aliyewahi kuipitia hahitaji kuhadithiwa maumivu yake. Kumpeleka mwanamke kwenye hayo yote kabla mume hajashika kichupa si uganga wa kisasa wala si wa jadi. Ni kumwonea tu.

Kuna jambo linalowafanya wanaume wakimbie, nalo ni kuchanganya mambo mawili yasiyo ndugu. Mwanamume akiambiwa mbegu zake ni chache husikia kwamba yeye si rijali. Sivyo. Mtu aweza kuwa na nguvu zote za ndoa na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Labda aliugua matubwitubwi akiwa kijana yakateremkia kwenye korodani, labda mishipa ya korodani imevimba, labda kisonono cha zamani kimeziba njia. Fiqhi yetu ya Kishafi ililijua hilo zamani. Mume asiyeweza tendo la ndoa, mke akishitaki, Kadhi humpa muhula wa mwaka mmoja, na baada yake mke ana haki ya kufasikhiwa. Kutozaa peke yake hakukuwekwa katika mlango huo. Wanavyuoni walitenganisha mambo haya mawili. Vijiwe vya kahawa ndivyo vilivyoyaunganisha.

Twende kwenye tiba za nyumbani, ambazo zimesafiri na watu wetu mpaka Kimbo. Mke wa pwani akichelewa kuzaa huambiwa ana chango. Chango likikataa kutoka, husemwa ana jini mahaba, mume wa ujinini anayeona wivu asimwache ashike mimba. Hunyweshwa kombe, husomewa, hupewa mizizi achemshe. Jirani zake wa bara nao wana yao: yuko wa maombi ya mkesha na yuko wa dawa za miti shamba, na katika maghorofa yale wanawake huazimana waganga kama wanavyoazimana chumvi. Hatusemi neno baya juu ya kisomo. Muumini humwomba Mungu kabla ya daktari na baada ya daktari, na Mtume (S.A.W.) alituhimiza tujitibu, akatujulisha kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa isipokuwa uzee. Tunayoyakataa ni mawili. La kwanza ni dawa za kutiwa ndani ya uke, ambazo huweza kupeleka uchafu kizazini na kuziba mirija iliyokuwa mizima. La pili ni miaka. Mwanamke aliyeanza kuhangaishwa akiwa na 28 na akafika hospitali akiwa na 37 ameibiwa kitu ambacho hakuna daktari awezaye kumrudishia.

Na jini mahaba, tukubali, ni shahidi anayemfaa sana mume. Maadamu mwenye wivu ni jini, hapana haja ya mtu mwingine kupimwa.

Jambo la mirija lina historia yake Afrika. Katika uchunguzi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani, ambao matokeo yake yalichapishwa London mwaka 1985 katika jarida la Lancet, ilionekana kwamba wanawake wa Afrika wasiozaa walikuwa na madhara ya maambukizo kwa wingi kuliko wenzao wa mabara mengine. Maambukizo hayo ni kisonono na klamidia ambazo hazikutibiwa, ni uchafu ulioingia wakati wa kuzaa au mimba kuharibika. Ndiyo maana wako wengi waliozaa mtoto mmoja wakakwama. Na klamidia mara nyingi hukaa mwilini bila dalili. Mwenye nayo huweza asiumwe wala asitoe usaha. Mume aliyefunga safari nyingi kabla au baada ya nikahi aliweza kuileta nyumbani bila yeye mwenyewe kujua. Matibabu yake ni dawa za kawaida, lakini wote wawili watibiwe kwa wakati mmoja, la sivyo hurudishiana.

Aliye Kimbo hahitaji kwenda mbali kwa hatua hizi za mwanzo. Ruiru ina hospitali ya serikali, Thika ina kubwa kuliko hiyo, na upande wa Kahawa iko Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyofunguliwa mwaka 2019. Daktari wa kumwomba ni wa magonjwa ya wanawake, na mke ana haki ya kuomba daktari mwanamke akipatikana. Mengi yaishia hapa hapa: vidonge vya kupevusha mayai, dawa ya maambukizo, upasuaji wa uvimbe au wa mishipa ya korodani, kupunguza unene, mume kuacha sigara. Mwongozo ule wa 2025 nao wataka watu waanze na tiba nyepesi kabla ya kukimbilia zilizo ghali.

Lakini wako wasiofaulu kwa hayo, na hapo ndipo linapokuja suala la kurutubisha yai nje ya mwili. Mtoto wa kwanza duniani kupatikana hivyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Kampala ilipata wa kwanza wake mwaka 2004. Kenya ilifuata mwaka 2006, watoto wakazaliwa Nairobi kwa kazi ya Dakta Joshua Noreh. Tangu mwaka 1992 iko pia njia iliyobuniwa Brussels ya kuingiza mbegu moja tu ndani ya yai kwa sindano, nayo imewafaa sana wanaume ambao hesabu yao ni ndogo mno. Yaani mume aliyekimbia kipimo alikuwa anaikimbia dawa yake.

Je, ni halali? Swali hili bado huulizwa misikitini kama kwamba ni la jana, na kumbe limejibiwa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Sheikh Jad al-Haqq wa Misri alitoa fatwa mwezi Machi 1980. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Amman mwezi Oktoba 1986, likazitazama njia 7, likaharamisha 5 na kuruhusu 2. Zilizoruhusiwa ni zile ambazo mbegu ni ya mume, yai ni la mke, tumbo ni la mke yule yule, na ndoa bado ipo. Mtu wa tatu haingii: si mbegu ya kununua, si yai la kupewa, si tumbo la kuazima. Hata suala la mke mwenza kubeba mimba ya mwenzake liliwahi kuruhusiwa na Baraza la Makka mwaka 1984, na mwaka uliofuata wanavyuoni wale wale wakalirudisha nyuma, kwa kuchelea nasaba kuchanganyika. Kwa wenzetu wa madhehebu ya Kishia yako maoni mengine. Iran, fatwa ya mwaka 1999 ilifungua mlango wa mayai na mbegu za kutolewa kwa masharti. Kila mtu aulize kwa mwanachuoni wa madhehebu yake.

Kwa hiyo mke na mume Waislamu wakifika katika kliniki za Nairobi, wana maswali ya kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi. Vichupa vyetu vitaandikwaje jina, na nani atashuhudia? Mayai yaliyorutubishwa na kubaki yatawekwa wapi, kwa muda gani, na yatafanywa nini mmoja wetu akifa au tukiachana? Majibu yawe kwenye karatasi iliyotiwa sahihi. Twasisitiza hivi kwa kuwa sheria ya Kenya imekwenda mwendo wa kobe katika jambo hili: Mheshimiwa Millie Odhiambo alianza kuleta mswada Bungeni mwaka 2014, na ulipofika mwaka 2022 alikuwa bado anauleta upya.

Kuhusu fedha tutasema kwa ufupi kwa sababu habari yake haipendezi. Jaribio moja Nairobi hugharimu kama laki nne za Kenya, na mara nyingi zaidi. Bima nyingi haziligusi. Tena ni jaribio. Hata kwa mwanamke kijana huweza kushindwa, na baada ya miaka 40 hushindwa mara nyingi kuliko kufaulu. Kijana anayepanga chumba Kimbo akiuza kiwanja cha urithi Kilifi ili alipe, yafaa ajue hivyo mapema. Na ajue pia kwamba akiuza kabla hajapimwa yeye mwenyewe, huenda ameuza kwa ajili ya ugonjwa usiokuwapo.

Wapo ambao baada ya yote hayo hawatapata. Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Ash-Shura kwamba wako anaowapa wa kike, wako anaowapa wa kiume, wako anaowachanganyia, na wako anaowajaalia wasizae. Kwa hao, pwani ina mila ya kale kuliko hospitali zote: mtoto wa ndugu kupewa mama mdogo au shangazi amlee. Uislamu umezuia mtoto wa kulelewa kubandikwa nasaba isiyo yake, lakini umehimiza kumkafili. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua kafala kwa jina lake, na hivyo mlezi Mwislamu ana mlango wa kisheria usiomlazimu kubadilisha ubini wa mtoto.

Linalosumbua wengi hapo ni mtoto kuwa ajinabi nyumbani akishabaleghe. Fiqhi ina jawabu, na wanawake wetu wakongwe walilijua. Kwa Mashafi, mtoto aliyenyonya mara tano kamili kabla hajatimiza miaka 2 huwa mwana wa yule aliyemnyonyesha. Akiwa wa kiume, anyonyeshwe na dada wa mke, na mke atakuwa khaloo yake wa ziwa. Akiwa wa kike, anyonyeshwe na dada wa mume, na mume atakuwa mjomba wake. Kwa aliye Kimbo huenda ikabidi mtoto achukuliwe angali mchanga, na dada mwenye ziwa apande basi kutoka Mombasa, akae nao wiki moja.